Mume Wake Yuko Kifungoni, na Ananiuliza Mimi Kama Anyamaze

Mama Edinah wa kipindi, pokea salamu kutoka kwa mtu wa mjengo. Sisi tunakusikiliza kila Ijumaa tukichanganya kokoto, redio tumefunga kwa mti, na wewe unagombeza watu mpaka tunacheka. Leo naomba msaada mimi. Majina badilisha yote. Mimi nimeacha shule darasa la nne, kwa hivyo usiangalie kuandika, angalia shida.

Mimi ni Mkuria wa Ntimaru. Bibi yangu alikuwa Nyangi, alikufa na tumbo. Msichana yetu Susana anakaa na dada yangu huko nyumbani, ako shule. Mimi ni mtu wa kibarua. Zamani nilikuwa nabeba magunia Isebania, natoa kwa lori natia kwa lori. Saa hii nabeba mawe na simiti, na kama fundi ameshikika napiga mabati. Nilikuja huku Homa Bay kwa sababu kazi iko na kwa sababu nyumba yangu ya Ntimaru ilikuwa imenyamaza sana.

Hapa kuna mama anaitwa Caren. Anapikia watu wa mjengo, ugali na omena, siku ya mshahara samaki kubwa, ngege. Nilianza kula kwake kama watu wote. Baadaye nikawa nakula wa mwisho ndio nikae kidogo. Mimi si mtu wa maneno na yeye haniulizi maneno. Akiona sahani imeisha anaongeza bila kusema. Nyangi alikuwa hivyo. Sasa umeelewa shida ilianzia wapi.

Caren ako na bwana. Bwana anaitwa Elkana, na mimi sijawahi kumuona na macho yangu, na namchukia, hapo nimesema.

Elkana alikuwa anafanya kazi ya ndege. Si rubani. Ndani ya ndege ya mizigo kuna mtu wa kupanga mzigo na kuifunga na mikanda ndio isitembee ndege ikiinama, wanaita lodimasta. Huyo ndio yeye. Ilikuwa kampuni ndogo ya Nairobi. Walikuwa wanapelekea watu vitu kwa nchi ya jirani, ile iko na vita, na hiyo vita kila mtu anakataa hako ndani. Karatasi ilikuwa inasema dawa na unga. Caren anasema bwana yake alimwambia kwa simu, leo nimebeba unga, ukiiweka chini inalia kama chuma. Wakacheka. Hiyo ndio maneno ya mwisho walicheka.

Walitua kwa kiwanja ya mchanga huko porini na watu walikuwa wanawangoja si wale wa kila siku. Ule upande ingine ilikuwa imechukua hiyo kiwanja asubuhi. Ndege ikachomwa. Watu watatu wakashikwa, rubani mtu wa ng'ambo, na makanika wa ndege mtu wa Kisii, na Elkana. Sasa uliza ndege ilikuwa ya nani. Kampuni inasema hiyo ndege iliuza zamani. Serikali inasema haijui. Wale walikuwa wanaletewa mzigo wanasema hawajawahi kuletewa mzigo na mtu. Kwa hivyo Elkana ameshikwa kwa ndege ya hakuna mtu, akipeleka mzigo ya hakuna mtu, kwa vita haiko.

Habari ikapotea kabisa. Watu hapa wakaanza kusema amekufa, wanasema chini chini ndio Caren asisikie. Mimi nilisikia hiyo nikatulia. Sikufurahi. Nilitulia, kama mtu ameshusha gunia.

Mvua ya mwezi wa nne ikakuja na upepo, ikatoa mabati kwa nyumba ya Caren, upande ya kitanda. Yeye na watoto wakahamia jikoni. Mimi mabati ni kazi yangu, sikuuliza mtu. Jumapili nikachukua nyundo na misumari na ngazi ya Mokua, huyo ni fundi wetu, nikapanda. Kwetu nyumba ikivuja mtu anapanda, anapiga, anashuka anapewa uji. Nilipiga msumari ya kwanza. Ya pili ilikuwa bado kwa mdomo wakati mama ya Elkana alitoka kwa nyumba yake na fimbo. Yeye ni mzee, tunamuita Dani, kama watoto wanaita nyanya yao.

Akasema, "Wewe Mkuria, shuka."

Nikamwambia, "Mama, kunanyesha ndani."

"Nimesema shuka. Nani amekuambia mtoto yangu amekufa?"

"Hakuna mtu amesema hivyo, mama."

"Wewe umesema. Unasema na nyundo."

Nikashuka. Ndio nikaambiwa sasa. Kwa Wajaluo wa hapo, paa ya mwanamke aliyeolewa inapandwa na bwana yake. Bwana akikosa, ndugu ya bwana. Mtu wa nje akipanda anapiga, hiyo ni kusema bwana hako duniani na yeye ndio ameingia. Na kama bwana ako hai, umemtafutia mkosi huko aliko. Mimi sikujua. Dani akanirudisha juu nitoe hiyo msumari moja. Alisimama hapo chini kwa mvua mpaka nikaitoa, akanyoosha mkono, nikampa, akaenda nayo.

Ndugu ako. Anaitwa Ken, ni mdogo wa Elkana, ako kisiwa ya Takawiri anavua samaki. Kila siku anasema kesho nakuja. Hiyo paa bado wazi.

Jioni hiyo nikamuuliza Caren, "Ulijua hiyo maneno ya paa?"

Akasema, "Nilijua."

"Na ukaniacha nipande?"

Alikuwa anaosha sufuria. Akasema, "Baba Susana, nilitaka kuona kama kuna mtu atakuzuia."

Mimi nilienda na hiyo maneno kwa chumba yangu kama mtu amepewa zawadi. Nikasema, huyu ameniacha nipande, basi ananitaka.

Sijalala kwake. Usiniwekee hiyo. Nakula kwake.

Halafu video ikakuja. Ilitumwa kwa simu ya bibi ya yule makanika, anaitwa Bonareri, yeye akatumia Caren. Wanaume watatu wamekaa kwa mkeka. Elkana ndio wa mwisho. Ndevu imemjaa. Anasema jina, anasema nyumbani, anasema, mimi si askari, mimi ni mtu wa mizigo tu. Hiyo ilinichoma zaidi ya yote. Kwa sababu mtu wa mizigo ni mimi. Mimi ndio nimebeba na shingo mpaka imekauka. Yeye alikuwa anabeba na mikanda na mashine, anapaa, analala hoteli, na bado ndio anaitwa mtu wa mizigo na watu wanalia.

Dani alilia mpaka akaimba. Kila Sabato kanisa yote inasimama inaomba Elkana. Kila mwanamke akaletea Caren kitu, mmoja unga, mmoja sukari, mmoja kuku. Watoto wanachora ndege kwa ukuta na mkaa. Mokua kwa mjengo akaanza, "Maroa, mwenye nyumba amepatikana, sasa utahamia wapi?" Mwingine, Mjaluo wa kuchota mchanga, akasema, "Omera, huyo mwenzako ameshikwa na jeshi. Wewe umeshikwa na omena." Wakacheka mpaka wakaangusha mwiko. Mimi nikacheka pia. Ningefanya nini?

Caren anaangalia hiyo video akipika. Anaangalia akimenya vitunguu. Siku moja alinipatia simu nishike, akasema, "Angalia mkono yake hapo. Ni kama imevimba?" Nikaangalia. Mimi najua kamba, Mama Edinah. Niliona alama ya kamba na niliona vidole imejaa kama ndizi, hiyo mkono ilikuwa inafungwa na ilikuwa inaoza kidogo kidogo. Nikamwambia, "Hapana, ni simu tu haioneshi vizuri. Iko sawa." Akashukuru. Akaniongezea ugali.

Tena nikuambie kitu. Siku ya ngege, kichwa ya samaki ni ya mwenye nyumba, mtu mwingine hapewi. Caren anaitoa kwa sahani anaweka kando, anafunika. Jioni anawapatia watoto. Mimi nakula mkia. Nimekula mkia tangu nimjue.

Na kuna ingine iko chini ya yote, na hii sijaambia hata dada yangu. Nyangi alikufa, watu wakakuja wakala wakaenda. Hakuna kanisa ilisimama kila wiki. Hakuna redio ilisema. Na mimi hata nikienda nikae mbele ya ofisi gani, hata nikipiga kelele mpaka sauti ikatike, hakuna mahali wamemfungia watanirudishia. Caren ako na mtu anaweza kurudi. Naangalia huyo mama akilia na namuonea wivu, yeye mwenyewe, si bwana yake tu. Nashindwa huu ni ugonjwa gani.

Sasa shida yenyewe.

Bonareri amemaliza kungoja. Amempigia Caren, anataka waende wote wawili Nairobi Jumatatu, wakae nje ya ofisi ya ile kampuni na picha ya mabwana zao, waite watu wa televisheni, waseme ndege ilikuwa ya nani na mzigo ilikuwa ya nani. Nilikuwa hapo Caren alipoweka simu kwa sauti. Bonareri anaongea kama mtu anakata kuni. Akasema, "Caren, tumenyamaza, wamefanya nini? Mtu ukinyamazia anasahaulika. Mimi Jumatatu nitakuwa huko hata nikiwa pekee yangu."

Kesho yake mwanaume wa kampuni akapiga. Huyo anaongea taratibu. Anasema, mama, mambo inaendelea chini ya maji, mkipiga kelele mtawaua nyinyi wenyewe, kaa nyumbani, omba.

Caren alizima simu akakaa kwa mtungi ya maji amepindua. Akaniambia, "Baba Susana, wewe si mtu wa maneno mingi. Hawa wote wanataka kitu kwangu. Wewe peke yako ndio hautaki kitu. Niambie. Ukisema niende, naenda. Ukisema nikae, nakaa."

Mimi ati sitaki kitu.

Nilimwambia anipatie siku kidogo nifikirie. Sifikirii, Mama Edinah. Jibu iko kwa mdomo tangu siku hiyo, inataka kutoka. Kaa. Neno moja. Na hakuna mtu atanilaumu, kwa sababu hata yule wa kampuni alisema hivyo, na yeye amesoma. Akikaa, Bonareri ataenda pekee yake, mwanamke mmoja na picha moja, nani atamsikiliza. Itaisha. Mwaka itaenda, mwingine itaenda, Dani mwenyewe atachoka, watazika tunda ya yago kama vile wanazika mtu mwili yake imepotea, na mtu wa kupanda kwa paa atatafutwa.

Na pengine yule wa kampuni anasema ukweli. Pengine kelele itawaua kweli. Sasa nikisema kaa, nitakuwa nimemuokoa ama nitakuwa nimemuua? Na kama ni kumuokoa, ni makosa nikifurahi?

Niambie kama naweza kumwambia akae. Nijibu kabla ya Jumatatu. Sema ukweli lakini usinitukane sana, wenzangu watakuwa hapo chini ya redio, na wakisikia Mkuria na paa watajua.

Mimi, Maroa wa mjengo.

MAMA EDINAH ANAJIBU

Bwana Maroa, majina nimebadilisha, hata lako, hata la mji wenu. Wenzako wakikujua kwa sababu ya paa, hapo siwezi kukusaidia. Wewe cheka nao kama ulivyocheka.

Nakujibu. Hapana. Huwezi kumwambia akae. Wala huwezi kumwambia aende. Katika jambo hili huna ruhusa ya kumwambia lolote kabla hujamwambia jambo lingine kwanza, na nitakupa maneno yenyewe, kwa sababu nakuona ukiachiwa utafute maneno utatafuta mpaka Jumatano.

Lakini kwanza tuelewane. Unaniuliza utakuwa umemwokoa huyu mtu au umemuua, kama vile bado hujaanza. Ulianza siku uliposhikishwa simu. Mwanamke alikuuliza kama mkono wa mumewe umevimba. Uliona kamba. Uliona vidole. Ukasema ni simu. Bwana, hilo ndilo lilikuwa jibu lako la kwanza, na lilikuwa kaa. Ulimwondolea sababu ya kuharakisha, akakushukuru, na ukala ugali wake. Niliposoma hapo niliweka barua chini nikaenda kuzunguka nyumba.

Umeniomba nisikutukane na sikutukani. Nakuomba kitu kimoja tu. Leo ukiwa peke yako, funga mlango, useme kwa sauti: nataka mtu akae amefungwa kamba ili mimi nipate mahali pa kula. Useme mara moja. Usikie inavyotoka mdomoni mwako. Wewe si mtu mbaya, mtu mbaya haniandikii. Lakini ukilificha hilo kichwani litakuwa linavaa nguo nzuri, litajiita hekima, litajiita kumlinda Caren.

Sasa huyo wa kampuni. Umesema amesoma. Mimi sikusoma sana lakini naomba mtu anieleze. Kampuni yake inasema ndege si yao. Kama ndege si yao, anampigia Caren simu ya nini? Alijuaje namba yake? Anajuaje mambo yanaendelea wapi? Mtu asiyejua ndege hawezi kujua kitakachowapata waliokuwa ndani yake. Sisemi Bonareri ndiye anayejua. Sijui kama kelele itawaokoa au itawaumiza, na wewe hujui, na asikudanganye mtu kwamba yuko na hakika. Ndiyo maana neno hilo haliwezi kutoka kwa mwanaume mwenye njaa.

Na umesoma vibaya lile la paa. Caren hakukuacha upande kwa sababu anakutaka. Alikuambia mwenyewe, kwa Kiswahili, akiosha sufuria: nilitaka kuona kama kuna mtu atakuzuia. Watu walikuwa wananong'ona mumewe amekufa. Alitaka kujua kama dunia nzima imekubali. Yule mama mkwe alipotoka na fimbo, Caren alipata jibu lake, kwamba hayuko peke yake. Wewe ulikuwa nyundo tu hapo, baba. Nisamehe, lakini ni afadhali usikie kwangu.

Hilo la Nyangi, sasa. Hapo nilikuwa nimekukasirikia, nikaacha. Kumwonea mwanamke wivu kwa sababu yeye bado anaweza kurudishiwa mtu, hakuna ugonjwa hapo. Hicho ni kilio ambacho hakijaisha. Ulitoka Ntimaru kabla ya kumaliza kulia kwa sababu nyumba ilikuwa imenyamaza, ukaja kulia kwa sahani ya mwanamke mwingine. Anaongeza ugali kama Nyangi, ndiyo. Lakini bila shaka hata watu wengine wa mjengo anawaongezea. Ni biashara yake na ni moyo wake. Pole sana kwa mke wako. Nasema pole hii hewani, mbele ya watu wote wanaonisikiliza, kwa sababu umesema hakuna redio ilisema. Nyangi wa Ntimaru, mama yake Susana, alikuwa mtu, na ameacha mtu anayemlilia.

Haya, kazi.

Nenda kwa Caren wakati hakuna wateja. Usikae chini, utakaa mpaka ushindwe. Mwambie hivi: "Caren, ulisema mimi sitaki kitu. Si kweli. Nakutaka wewe. Kwa hivyo usinipe hili neno mimi, kwa sababu mdomo wangu uko upande mmoja." Kisha mwambie: "Na ule mkono wa Elkana umevimba. Niliona siku ile. Nilikudanganya." Hayo mawili. Usiongeze. Usieleze mambo ya upweke wako, usilie, usimuulize anakuonaje. Atakasirika. Anaweza kukuambia usirudi kula hapo. Utakula kwingine. Soko lina sufuria nyingi.

Uamuzi ni wake na wa mama mkwe wake, yule mzee mwenye fimbo ambaye ndiye mtu wa maana kuliko wote katika barua hii. Wakae wawili na hiyo video. Wampigie Bonareri wakiwa pamoja. Kabla ya kupanda gari wamtafute wakili, na wawaone watu wa msalaba wanaofuatilia wafungwa wa vita, wawaonyeshe ule mkono, waulize wenye kujua kelele hufanya nini. Kisha waende au wabaki, lakini wakiwa wanajua.

Wewe mdogo wa huyo mfungwa, uliye kisiwani na kesho yako isiyofika, unajijua. Watoto wa ndugu yako wanalala jikoni. Panda boti. Mwanaume wa nje amejitolea misumari, wewe unatoa mguu tu. Nawe Maroa akija, mshikie ngazi na umpitishie mabati, na miguu yako ikae kwenye udongo.

Huyo mtu akirudi utaumia. Utaumia sana, na hakuna dawa nitakupa. Utarudi nyumbani, utamwona mtoto wako, ambaye katika barua ndefu namna hii umemtaja kwa sentensi moja na nusu, na kwingine kote ni jina tu la kukuitia wewe.

Mwisho, utaratibu wa kipindi. Leo Ijumaa nimesoma hewani. Jumapili kinarudiwa baada ya chakula cha mchana, wakati wanawake wengi wanaopikia watu hupumzika na redio. Majina nimebadilisha, lakini paa halibadilishiki, na Caren si mjinga. Kesho ni Sabato, yuko kanisani, mwache asali. Jumapili asubuhi yuko nyumbani.

Nenda asubuhi.